Mwaka Niliosoma Kirusi kwa Sauti ya Msiba

Lidia aliposimama kusoma, mabibi wa Kirusi waliokaa mstari wa mbele walitazamana. Ilikuwa Jumamosi alasiri, ukumbi mdogo wa chuo kikuu pale Kensington, Sydney, viti vya plastiki, biskuti kwenye sahani za karatasi, na ukutani picha kubwa ya baba yake akiwa bado na nywele. Tulikuwa tumekuja kumkumbuka: mwandishi na mwanahistoria aliyemaliza maisha yake akiandika juu ya mji mmoja ambao haupo tena, na ambaye vitabu vyake, miaka mingi baada ya kifo chake, watu wa kwao wameanza kuvitafuta. Maprofesa wawili walikuwa wameshasema, na wa pili alitokwa machozi. Kisha binti akafungua kitabu, akasoma Kirusi kwa sauti ambayo kwetu Uvira, Kongo, husomewa masomo ya Ijumaa Kuu: polepole, ikipanda kidogo katikati, ikishuka mwishoni kama watu wanaoteremsha jeneza. Bibi aliyekaa jirani yangu akanigeukia, akauliza kwa Kiingereza, "Huyu alifundishwa wapi kusoma? Ni kama padre, lakini si padre wetu." Mke wangu Spes akanichoma kiwiko. "Safari, watu wanauliza. Simama useme ni weye." Nikamwambia anyamaze. Nikachukua biskuti nyingine.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Walionipa jina la Safari walikosea mtoto. Kutoka kwetu Auburn mpaka Kensington ni treni na kile kitreni cha barabarani, na watu wazima huenda huko bila hata kuaga, lakini Spes ilibidi anitoe kwenye kochi kwa vitisho. Nikiwaambia wanangu kwamba mwaka ulionifunza mambo mengi kuliko sekondari yote niliupitisha ndani ya jiko la mtu mwingine, nikiwa nimevaa kandambili, wanacheka. Wananisikiliza kwa Kiswahili na kunicheka kwa Kiingereza. Nimezoea. Lakini siku ile ukumbini sikucheka na wala sikulia. Nilikaa nikisikia kosa langu la ujana likitoka kinywani mwa mwanamke mwenye mvi, likijaza chumba, na watu wenye elimu zao wakiliandika kwenye karatasi kana kwamba ni mila ya Warusi.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimetoka kambi ya wakimbizi Kigoma, sijaujua bado mji. Wenzangu walikimbilia maghala. Walirudi jioni migongo imekufa lakini wana simu mpya. Mimi, yule mama wa ofisi ya ajira aliponiuliza napenda kazi gani, nilimjibu ukweli: kukaa. Akacheka sana, kisha akanitafutia mzee wa kukaa naye. Nyumba ilikuwa hapa hapa Auburn, nyuma ya karakana za magari, nyumba ya matofali mekundu iliyonuka kitunguu saumu na karatasi kuukuu. Vitabu vilifunika kuta za sebule, vikajaza korido, vikafika mpaka bafuni, ambamo ilibidi uoge kwa adabu. Nilipewa chumba cha nyuma. Kazi ilikuwa kupika, kufua, kumshika mkono akienda msalani, na kuhakikisha hawashi jiko la gesi akalisahau. Nilipofika alinishika uso wote kwa viganja viwili, akaubonyeza mashavuni kama anayechagua tikiti maji sokoni, maana macho yake yalibaki kuona kingo za vitu tu. "Kijana," akasema. "Mwembamba. Utakula."

Jina lake lilikuwa Veniamin Stepanovich. Warusi humwita mtu kwa jina lake pamoja na la baba yake, jambo zuri kabisa, lakini ulimi wangu ulichoka siku ya pili nikamwita Papa Venya, kama kwetu tunavyomwita papa kila mwanaume ambaye angeweza kukuzaa. Alizaliwa katika mji mdogo kando ya mto mkubwa. Alipokuwa mtoto serikali ilijenga bwawa la umeme, wakaambiwa wote wahame kwa sababu maji yanakuja. Nyumba zao zilikuwa za magogo. Zikabomolewa, kila gogo likapakwa namba, magogo yakafungwa pamoja yakaelea mtoni hadi sehemu mpya, na huko nyumba zikajengwa tena kwa kufuata namba. Mji ukabaki chini ya maji pamoja na makanisa yake. Yeye akakua, akawa mwanahistoria, akakusanya habari za mji ule: nani alikaa wapi, nani alioka mkate, nani alikataa kutoka. Wakubwa wakakasirika, kwani katika vitabu vyao bwawa lilikuwa sherehe. Akafukuzwa kazi, akapakia makaa ya mawe, mwishowe akaja Sydney na mkewe na binti wa miaka minne. Hapa alifanya kazi kiwanda cha biskuti, na kila jioni aliandika kwenye meza ya jikoni. Vitabu vitatu. Mke alishatangulia nilipofika.

Shida yake alinieleza tukinywa chai, ile chai yao ya kulamba jamu kwa kijiko. Kuna watu kwao walitaka kukichapa upya kitabu chake kikubwa, na yeye alitaka kwanza akisikie chote, arekebishe panapostahili.

"Utanisomea," akasema.

"Papa, mimi sijui Kirusi."

"Nani amekuambia ujue? Nimesema usome. Kujua nitajua mimi."

"Hata herufi sizijui."

"Wewe una macho, mimi nina maneno. Tukiunganishwa tunatoa mtu mmoja mzima, mwenye sura nzuri."

Basi tukakata herufi kwenye maboksi ya biskuti, kubwa kama viganja, akawa anazipapasa na kunitajia. Kuna P ambayo wao huiita R, na H ambayo ni N. Nilimwambia waliozipanga walikuwa wamelewa. Akasema hapana, walikuwa watawa, ingawa jambo moja halizuii lingine. Ilichukua miezi. Nilikaa pale jikoni, sufuria ya maharage ikichemka, nikisukuma maneno marefu kama gari lililozimika, na yeye akifumba macho yasiyoona, akisikiliza. Kila neno nililikazia silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili kinavyotaka, na kila mara aliguna: "Unapanda ngazi vizuri, halafu unajikwaa kabla ya kufika." Lakini sauti hakuigusa. Na sauti yangu ilikuwa moja tu. Kambini nilikuwa msomaji kanisani. Mtu akishika kitabu kinene mbele ya watu, kwetu, anasoma kwa huzuni na heshima, hata kama ni tangazo la usafi. Sikujua kwamba kuna njia nyingine. Tena mji ulikuwa umezama, Mungu wangu, nisome kwa furaha?

Spes wakati huo hakuwa mke wangu. Alikuwa dada wa Kirundi aliyekuja Alhamisi kumwogesha mzee, mwenye mikono ya nguvu na mdomo wenye nguvu zaidi. Alisimama mlangoni na taulo begani akinisikiliza.

"Weye Safari, ile kitabu inasemaga nini?"

"Sijui."

"Unasomaga kitu haujui?"

"Mapadre wa zamani walisoma Kilatini, na watu waliitikia amina."

"Ee, lakini wao walikuwa na kanzu. Weye uko na kaptula."

Papa Venya alitaka tafsiri ya kila tulichosema, na kila alipoipata alicheka, kicheko kifupi cha puani. Alipenda pia ndagala zetu, zile zilizokaushwa ambazo nilizipata duka la pale karibu na stesheni. Alizitafuna na mkate wao mweusi, kichwa na mkia, akasema samaki wa namna hiyo ndio waliomfanya mwanahistoria, kwa kuwa walipokuwa watoto walilipwa samaki wa kukausha ili wakae kimya wakubwa wakiongea, naye alikuwa anakula na kusikiliza. Halafu angeniuliza, "Na wewe, mji wako?" Nilikuwa nikimjibu kwa kiburi kidogo kwamba Uvira iko pale pale, mlima huku, ziwa kule, tumekimbia sisi lakini mji haujazama. "Bahati yako," alisema, bila kejeli. Siku hizi ndugu wananitumia picha kwenye simu. Ziwa limepanda, limeingia mitaa ya chini, watu wanavuka sebule zao kwa mtumbwi. Nazitazama nimekaa kwenye kochi, nikitafuta dirisha ninalolijua, na wanangu wakipita nyuma yangu wanasema wow, Dad, kisha wanaendelea jikoni kutafuta chakula. Sijaandika hata ukurasa mmoja kuhusu dirisha lolote. Nani angeusoma?

Lidia alikuja kila Jumamosi na mifuko ya vyakula. Alifanya kazi benki, katikati ya mji, mwanamke wa miaka arobaini na kitu aliyevaa vizuri na kuvua viatu mlangoni kwa hasira. Baba yake alisema naye kwa Kirusi, yeye alimjibu kwa Kiingereza, kwa hiyo mimi nilisikia nusu ya kila ugomvi. "Kwa sababu paa linavuja, Baba." Kisha Kirusi. "Hapana, si kwamba navichukia vitabu." Kirusi kirefu. "Mimi sikuzaliwa kwenye huo mji!" Kirusi alikifahamu chote, tangu utotoni, ila kukisema alikataa, na kukisoma hakuwahi kujifunza. Siku moja akikausha sahani aliniambia, kana kwamba anasoma hali ya hewa, "Baba yangu alikuwa na mji mmoja na binti mmoja, na mji ndio uliopata muda wake." Nikamwambia maharage yameiva.

Mzee alitaka jambo moja tu, na hata mimi niliyeambulia nusu nililielewa: alitaka binti yake akipokee kile kitabu. Si kukirithi kama boksi, bali kukisikia. Na Lidia, akija, alihakikisha jiko lina kelele. Tukianza kusoma, alifungua bomba, alipanga sufuria upya, alikaanga kitu ambacho hakuna aliyekiomba. Papa Venya hakumwomba anyamaze. Aliniambia tu niongeze sauti.

Ikawa Jumamosi moja ya mvua. Nilikuwa katikati ya kitabu, ukurasa wenye majina mengi, nikisoma kwa uchungu uliokamilika, karibu nitokwe machozi kwa ajili ya watu nisiowajua. Sahani zikaacha kugongana. Bomba likafungwa. Nikaendelea. Halafu nyuma yangu nikasikia sauti kama ya mtu aliyepaliwa, na nilipogeuka Lidia alikuwa ameshika ukingo wa sinki, kichwa chini, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Nikapunguza mwendo, nikaongeza huzuni. Ndipo akapasuka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye vigae na glavu zake za kuoshea.

"Samahani, Safari," alisema akihema. "Si wewe. Ni... unajua unasoma nini?"

"Mazishi?"

Akaanza upya. Alipoweza kusema alinieleza. Ilikuwa habari ya bibi mmoja jirani yao. Nyumba yake ilipojengwa tena sehemu mpya, mafundi walichanganya magogo, mlango ukatazama ukutani mwa banda la nguruwe. Akamwendea afisa, afisa akakagua namba, akasema nyumba ni sahihi, anayekosea ni mwenye nyumba. Basi bibi akawa anaingia na kutoka kwa dirisha. Padre alipokuja kubariki nyumba naye ikabidi apite dirishani, msalaba ukitangulia, kanzu ikinasa, na afisa akishuhudia kutoka barabarani kwamba kila kitu kiko mahali pake. Nilikuwa nimeisoma yote hiyo kama taarifa ya kifo. Papa Venya, kwenye kiti chake, alikuwa amenyoosha shingo kuelekea ule upande wa sinki, mdomo wazi, kama mtu anayesikia hatua alizozingoja mlangoni.

Ningependa kusimulia kwamba walikumbatiana. Lidia alivua glavu moja, kisha ya pili, na kicheko kikamwisha taratibu usoni mpaka nikaogopa.

"Hii ni ya kuchekesha," akamwambia baba yake. "Wewe ni mtu wa kuchekesha." Akasema kama anamshtaki. "Mama na mimi tulitembea kwa vidole kwenye nyumba hii. Miaka yote. Shhh, Baba anaandika. Nilifikiri unaandika mambo mazito mno hata mtoto asipige mluzi. Kumbe ulikuwa umekaa hapa, kwenye meza hii, unaandika vichekesho?"

Mzee akajibu kwa Kirusi, maneno machache, ya chini.

"Hapana, usiniambie hivyo. Ungenisomea hata kimoja. Nilikuwa chumba cha pili!"

Lidia akaondoka, mifuko haijafunguliwa. Niligundua aiskrimu imeyeyuka mezani, ikiwa njiani kuelekea kwenye kitabu, nikakinyakua. Papa Venya hakuuliza ni kelele gani. Baada ya muda alisema kwa Kiingereza chake kibovu, "Ana haki. Lakini amecheka pale pale panapotakiwa."

Jumamosi zilizofuata vyakula vililetwa na dereva. Mzee hakulalamika, ila kila Jumamosi asubuhi alitaka shati jeupe, na dirisha la jikoni lifunguliwe hata kukiwa na baridi, tukasoma huku ameelekeza sikio barabarani. Tulimaliza mto, tukamaliza magogo, tukamaliza miaka ya makaa ya mawe. Marekebisho aliyasema kwenye kinasa sauti, mengine alinyamaza nayo. Tulipofika sura ya mwisho aliweka kiganja juu ya ukurasa kabla sijaanza.

"Hii bado. Hii ataisikia akija."

"Na asipokuja, Papa?"

"Basi ngoja tu. Wewe si unapenda kukaa?"

Spes alisema mimi ni mzembe, eti mzee anazama na mimi nahesabu vitunguu, nishike simu. Nikapiga.

"Dada Lidia, Papa anakungoja."

"Amesema hivyo?"

"Hajasema. Amevaa shati."

Nikasikia watu wa benki wakiongea nyuma yake. "Jumamosi hii siwezi," akasema, na hakukata simu. Mimi pia sikukata. Tukakaa hivyo mpaka mtu akamwita.

Kifua kilimshika mzee kabla ya Jumamosi hiyo. Gari la wagonjwa likaja, nikapanda naye na kandambili zangu. Hospitalini Kiingereza kilikuwa kimemtoka chote, manesi wanamwuliza panapouma naye anawajibu kwa lugha ya mtoni. Lidia akafika, koti la mvua limekunjwa mkononi, akapita mbele yangu bila kuniona. Nilibaki koridoni. Nilisikia sauti ya mzee, ikikatika, ikirudi. Kisha sauti ya Lidia, ndogo, yenye kusitasita, kama ya mtoto wa miaka minne, na haikuwa Kiingereza. Mwaka mzima nilikuwa nimesikia nusu ya mazungumzo yao. Siku ile sikusikia hata neno moja, na nikaona ndivyo inavyopaswa. Mzee alifariki kesho yake asubuhi. Sura ya mwisho haikuwa imesomwa.

Warusi wana karamu ya siku ya arobaini. Lidia hakujua inafanywaje, akauliza mabibi wa kanisa lao, wakaja na chapati nyembamba na wali wenye zabibu kavu, wakamwekea marehemu glasi ya pombe iliyofunikwa kipande cha mkate. Spes alipika maharage kwa sababu msiba bila maharage ulimtia wasiwasi. Watu walipoondoka tulibaki mimi na Lidia na vitabu. Nyumba ingeuzwa, maboksi yalikuwa tayari yamepangwa koridoni, na hakuna aliyejua yaende wapi. Lidia akaketi kwenye meza ya jikoni, akanisukumia kitabu.

"Sura ya mwisho. Nisomee."

Nikafungua, nikasafisha koo, nikaanza. Sikumaliza hata mstari.

"Acha," akasema, ameziba masikio kama mtoto. "Siwezi. Si leo. Hiyo sauti yako inamzika tena."

"Ndiyo sauti niliyo nayo, dada."

"Najua."

"Basi soma mwenyewe."

"Unajua Kirusi sijui kusoma."

"Hata mimi sikujua."

Akanitazama, mtu wa Uvira mwenye kaptula, na nadhani alitaka kukasirika akakosa nguvu. Nikavuta kiti karibu. Mimi zile herufi zilinichukua miezi, kwani kwangu zilibaki sauti tu, hazikuwahi kugeuka kitu. Kwake haikuwa hivyo. Nilimwonyesha ya kwanza, ya pili, nikamwambia hii inakudanganya, ni R. Akaziunganisha kwa kidole, silabi kwa silabi, akijikwaa, akipandisha sauti katikati na kuishusha mwishoni kwa vile ndivyo mwalimu wake alivyofanya, na ghafla akanyamaza: sauti zile zilikuwa zimekuwa neno, neno alilolijua tangu hajaota meno yote, na nililiona likimfungukia usoni. Akaenda kwenye la pili. Alitumia muda mrefu kwa mstari ule mmoja. Alipofika kwenye nukta hakuinua kichwa.

"Imesema nini?" nikamwuliza.

Akainua kiganja ningoje, akaingia mstari wa pili.